Sentimita Nne za Bega la Vagheni

Jumapili tarehe 7 Januari 2024, alama ya bega la kulia la Vagheni ilichorwa kwa mkaa kwenye ukuta wa nyuma wa shule ya msingi ya Vuhimba, sentimita nne chini ya alama yake ya mwaka uliotangulia. Alama zote mbili bado zipo. Kila moja ni mstari mfupi wenye jina na mwaka, na mtu yeyote mwenye futi ya fundi nguo anaweza kwenda kupima. Vagheni mwenyewe amekwenda kupima mara tano.

Vuhimba ni kilima cha maharage na viazi, kilomita tisa juu ya Musienene, upande wa Butembo. Gari halifiki. Pikipiki hufika wakati wa jua. Wakati wa mvua nayo hufika, ila ikiwa imebebwa. Kwa hiyo mgonjwa asiyeweza kutembea hushushwa kwa kipoyi, yaani kitanda cha kamba kinachoning'inia chini ya mti mmoja mrefu wa karatusi, mwanamume mmoja mbele na mwingine nyuma, mti begani. Jozi mbili hupokezana mpaka hospitali ya Musienene. Wa mbele anaiona njia. Wa nyuma haoni kitu ila kitanda na kitambaa kinachotandwa juu ya mgonjwa, na huweka mguu pale anapoambiwa.

Ndiyo maana ya ule ukuta. Kila Jumapili ya kwanza ya mwaka, misa ikiisha, wabebaji huvua viatu na kusimama wima, mgongo ukigusa ukuta. Jean-de-Dieu, katekista ambaye pia ni prezida wa chama cha wabebaji, huweka kipande cha ubao juu ya kila bega na kuchora. Wenye mabega sawa huwa jozi. Mabega yasipolingana, uzito wote humwelemea aliye mfupi, na kabla ya kilomita ya tatu mtu huyo hana pumzi tena.

Kwa miaka kumi na tisa mistari ya Vagheni na Lusenge ilikuwa mmoja. Vagheni alibeba mbele, Lusenge nyuma. Watu wa Vuhimba waliyataja majina yao kwa mkupuo, kama jina la mtu mmoja. Walikuwa na umri sawa, miaka arobaini na minane, walioa mwaka mmoja, na mashamba yao yalitenganishwa na mfereji tu. Kisha Agosti 2023 Vagheni akateremka Beni kuuza maharage. Pikipiki aliyopanda ikateleza kwenye mchanga mbele ya lori, yeye akaangukia bega. Mfupa uliunga, lakini uliunga ukiwa umepinda.

“Rudilia kupima,” alimwambia Jean-de-Dieu siku ile ukutani.

“Nimerudilia mara mbili, Baba Falonne,” Jean-de-Dieu alijibu, akimwita kwa jina la binti yake.

“Basi ukuta njo umepanda.”

Watu walicheka, naye akacheka nao, kwa kuwa alidhani utani huo ungemaliza jambo. Haukulimaliza. Jean-de-Dieu alikuwa bado ameshika ubao wake.

“Ya kushoto iko palepale!” Vagheni alisema. “Angalia ya kushoto!”

“Ni kweli, iko palepale. Mais kipoyi haiendake na bega moja. Saa ya kubadilisha bega, mugonjwa akianguka, tutamwambia ya kushoto iko muzuri?”

Halafu akaitwa mtu wa mwisho kwenye foleni, mgeni. Fadhili alikuwa ameingia Vuhimba miezi mitatu kabla, na mkewe Halima, wakitokea Beni. Nyumba yao ya kule ilikuwa upande ambao watu walikuwa hawalali tena kwa kuogopa mashambulizi ya usiku. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu, Mwislamu, mtu wa ukoo wa wasafirishaji, na kwa miaka minane alikuwa akipakua mizigo ya ndege kwenye uwanja wa Mavivi. Alivua viatu, akavipanga sawasawa, akasimama. Jean-de-Dieu aliweka ubao na kuchora. Mkaa ulipita juu ya mstari wa Lusenge bila kuuongezea unene.

“Eh!” Lusenge alisema. “Huyu tulizaliwa naye?”

Alisema hivyo tu, na kila mtu amekwisha kusahau. Vagheni hakusahau.

Yeye alipewa jembe. Kila kipoyi cha Vuhimba kina mtangulizi, mtu anayetembea hatua thelathini mbele ya wabebaji, akifukia mashimo, akikata matawi yaliyoinama njiani, akipanga mawe kwenye vijito. Kabla yake kazi hiyo ilikuwa ya mzee Phinées, aliyeifanya mpaka alipofikisha miaka sabini na mbili. Jembe lake lilikuwa na mpini uliolainika kwa mikono ya mwingine. Vagheni aliubadilisha mpini siku ileile.

Safari ya kwanza ilikuwa ya bibi kizee mwenye homa ya mapafu. Vagheni alitangulia, akafukia alichokiona, na muda wote masikio yake yalikuwa nyuma. Alingoja kusikia kelele. Katika enzi yake, kipoyi cha Vuhimba kilisikika kutoka kilima cha pili: “Jiwe! Kushoto! Shimo! Panda! Panda!” Ilikuwa sauti yake, na wanawake waliokuwa wakilima waliinua vichwa na kusema, wale ni Vagheni na Lusenge wanapita. Sasa nyuma yake palikuwa kimya. Alisikia nyayo, na mti wa karatusi ukilia kidogo kwenye kamba. Mara akasikia Lusenge akicheka.

Hatua thelathini ni mbali kiasi kwamba mtu husikia kicheko, lakini si kilichochekesha.

Alitazama saa ya simu walipofika hospitali. Walikuwa wametumia saa mbili na dakika ishirini na tano. Yeye na Lusenge waliwahi kuifanya njia hiyo kwa saa moja na dakika hamsini na tano, na ilikuwa na matope. Jioni alimpa mkewe Berthe habari hiyo akiwa na uso wa mtu aliyerudishiwa kitu chake.

“Na bibi kizee?” Berthe aliuliza.

“Bibi kizee nini?”

“Alifika namna gani?”

Vagheni alikuwa hajaangalia. Siku mbili baadaye Berthe mwenyewe alileta jibu kutoka soko la Musienene, ambako lilikuwa likizunguka kati ya vikapu vya viazi. Bibi kizee alikuwa amelala usingizi njia nzima. Alipoamshwa kwenye lango la hospitali aliuliza wataondoka saa ngapi.

Watu wote walicheka habari hiyo. Vagheni alikaa nayo. Alipitia kichwani wagonjwa wote aliowahi kuwashusha, mmoja mmoja, miaka kumi na tisa, akimtafuta hata mmoja aliyelala. Hakumpata.

Baada ya hapo alianza kuhesabu vitu. Alihesabu mara ambazo Lusenge alipita nyumbani kwake kwa wiki: zamani nne, sasa mbili. Alihesabu miche ya kabichi ambayo Lusenge alimpa Fadhili. Watu waliposhushiwa mgonjwa wao, desturi ilikuwa familia iwatengee wabebaji jagi la kasiksi, pombe ya ndizi, na wote wanywee pamoja. Fadhili hakunywa. Kwa hiyo familia zikaanza kumchemshia chai, kwenye sufuria yake, yenye tangawizi. Vagheni alisimama na kikombe chake cha kasiksi akiitazama sufuria hiyo. Kwa miaka yote hakuna mtu aliyewahi kumwashia moto yeye peke yake. Mwezi wa Juni aliona Lusenge naye ananyoosha kikombe kwenye chai.

“Tangu lini unakunywaka majani?” alimwuliza.

“Inatoa baridi, ndugu. Onja.”

“Miye siko mugonjwa.”

Nyumbani alikula nusu ya chakula na kusukuma sahani. Berthe alikuwa akichambua maharage, mgongo umemgeukia.

“Baba Falonne, tuko pamoja miaka makumi mbili na mbili. Ule mwaka nilienda kwetu Luofu mwezi muzima kuuguza mama, hukunipigia simu hata mara moja. Sasa Lusenge anatembea na mutu mwingine kilomita tisa, hukule.”

“Weye huwezi kujua ile kitu.”

“Najua. Nilikuwaka na mupinzani zamani. Jina yake ni Lusenge.”

Alisema bila kugeuka, na mikono yake haikuacha maharage. Vagheni alitoka nje akaenda kukagua uzio ambao haukuwa na ubaya wowote.

Kulikuwa na jambo moja alilolifahamu vizuri, na alilishika kama mtu anavyoshika tawi mtoni. Jozi hufungwa kwa mistari ya ukutani. Alama za Januari zilikuwa zimemtoa, na ni alama tu ambazo zingeweza kumrudisha. Mwezi wa Julai alipanda pikipiki mpaka Butembo, akaenda kwa fundi aitwaye Éliakim, mshonaji wa makoti ya harusi na kanzu za mapadri, aliyekuwa na cherehani mbili na kioo kirefu.

“Unataka koti?” Éliakim aliuliza.

“Hapana. Bega.”

“Bega ya koti?”

“Bega tu. Moja. Ya kulia. Santimetre ine.”

Fundi aliweka chini mkasi. “Papa, nashonaka koti, nashonaka suruali, nashonaka mpaka soutane ya padri. Bega nayo ni kazi ya Mungu.”

“Yeye alishamaliza, mais alimalizia vibaya.”

Éliakim alicheka mpaka akakaa. Halafu alipima, kwa uangalifu wa mtu anayependa kazi ngumu. Alikata kipande cha sponji cha godoro, akakivika kitambaa cha jinzi, akaweka mkanda wa kupita chini ya kwapa. Vagheni alikivaa ndani ya shati, akasimama mbele ya kioo. Mabega yalikuwa sawa. Alisimama pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Alijua kwamba ukutani wabebaji hawavui mashati. Januari ilikuwa miezi sita mbele. Kifaa kile alikificha ndani ya kiroba cha maharage ya mbegu, chini ya kitanda, na alfajiri za siku nyingine alikivaa na kutembea shambani na gogo begani.

Januari haikungojwa. Jumanne tarehe 19 Novemba Fadhili alikuwa Beni, kumzika mjomba wake. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Saa mbili asubuhi ilikatika, na saa mbili na nusu filimbi ya Jean-de-Dieu ilisikika. Mgonjwa alikuwa Kahindo, mwanamke wa miaka ishirini na minne, mimba ya kwanza, akiwa na uchungu tangu jana yake mchana. Mkunga wa kituo cha afya alikuwa amesema maneno mawili: mtoto amekaa vibaya, na ashushwe sasa.

Jozi ya pili ilikuwepo. Lusenge alikuwepo, peke yake, akiutazama mti kama mtu anayetazama kiatu kimoja.

“Tutatafuta nani?” Jean-de-Dieu aliuliza. “Wa akiba ni Jephté tu, naye ni mufupi.”

“Niko,” Vagheni alisema.

Alikuwa amepita nyumbani kwanza. Alikuwa amevaa koti la mvua, na chini yake shati, na chini ya shati kazi ya Éliakim. Jean-de-Dieu alimtazama mabega. Yalikuwa sawa kama mizani.

“Bega imepona?”

“Imepona.”

“Na mbele yenu atatangulia nani?”

“Ile njia naijua hata na macho imefungwa. Nitakuwa mbele, nitaona mwenyewe. Prezida, mutoto wa watu anaumia hapa.”

Hilo la mwisho lilikuwa kweli, na ndilo lililoamua. Jembe lilibaki limeegemea ukuta wa shule.

Jozi ya pili ilibeba hadi kijito. Ng'ambo, Vagheni na Lusenge waliingia chini ya mti. Vagheni alisikia uzito ukitua, akasikia mti ukitikisika kidogo pale Lusenge alipousogeza ukakaa vizuri, kama alivyoufanya siku zote, na kwa dakika kumi hakuna mtu katika Kivu yote aliyekuwa na furaha kama yake. Akapaza sauti.

“Jiwe kulia! Teremka! Kushoto, kushoto!”

Kahindo alishtuka ndani ya kamba. Kila alipopaza, alishtuka, na kila aliposhtuka uchungu ulimshika, naye akapiga kelele.

“Punguza sauti, ndugu,” Lusenge alisema nyuma yake.

“Utasikia namna gani?”

Hatua chache baadaye Vagheni alisikia kitu begani, ndani ya mti wenyewe. Mapigo mawili madogo, ko-ko, kama mtu anayebisha mlango kwa kidole. Hakujua ni nini. Kisha tena, ko-ko. Ndipo akaelewa kwamba hiki ndicho kilichokuwa kimechukua nafasi ya sauti yake miezi yote ile. Walikuwa wamejitengenezea lugha, Lusenge na yule mtu, ndani ya mti ambao yeye Vagheni aliukata kwa mkono wake mwaka 2017. Damu ilimpanda usoni. Alidhani anahimizwa. Alidhani anaambiwa kwamba Fadhili hupita hapa haraka zaidi. Akarefusha hatua.

Ko-ko. Ko-ko.

Akazidi kurefusha.

Koti la mvua lilikuwa limemtoa jasho. Sponji ilikuwa imelewa maji, na mkanda ukaanza kuteleza. Kwenye mteremko wa mikaratusi kile kipande kilihama kikaja kifuani, mti ukaanguka sentimita nne, ukatua kwenye mfupa uliounga vibaya, na Vagheni akapeleka mkono wa pili kukirudisha. Wakati huohuo miguu yake, iliyoijua njia, iliruka yenyewe mtaro mdogo ambao mvua ya siku tatu ilikuwa imeuchimba katikati ya njia. Upana wake ulikuwa kama majembe mawili. Mtangulizi angeufukia kwa dakika moja. Vagheni aliuruka bila kusema neno, kwa kuwa alikuwa amekaza meno kwa maumivu.

Lusenge hakuambiwa, wala hakuona. Mguu wake wa kushoto uliingia wote, na goti likageuka upande lisikogeukia. Alianguka kwa goti la pili, mikono miwili juu, mti ukiwa bado begani. Hakuuachia. Kitanda kiligusa matope kwa upande wa miguu, kikakwaruza, kikasimama. Kahindo hakuanguka.

Jozi ya pili ilikuja mbio ikaupokea mti. Kwenye njia, kati ya Vagheni na wengine, kilikuwa kimedondoka kipande cha jinzi chenye umbo la mkate, mkanda ukiburuta nyuma yake.

Kahindo alichungulia kutoka kwenye kamba, uso umelowa. “Ile ni nini?”

Lusenge alikuwa amekaa kwenye matope ameshika goti. Alikitazama kile kitu, akamtazama Vagheni, akakitazama tena.

“Ni bega ya Baba Falonne,” alisema.

Kahindo alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kikakatwa na uchungu, lakini kilikuwa kicheko, na wabebaji wawili waliokuwa chini ya mti wakacheka pia, midomo imefungwa, wakitazama pembeni. Vagheni angependelea wampige.

Walimwacha Lusenge barazani kwa mama mmoja aliyekaa kando ya njia. Jozi ya pili ilibeba peke yake, bila wa kuwapokea, kilomita nne na nusu zilizobaki. Vagheni alitangulia. Hakuwa na jembe. Alikata fimbo akawa anachoma njia nayo, na palipozama alipiga magoti akajaza mawe kwa mikono. Hakugeuka nyuma hata mara moja. Walifika baada ya saa tatu kasoro dakika kumi, muda mbaya kuliko wote anaoukumbuka. Saa saba mchana Kahindo alipasuliwa, akapata mtoto wa kike, na wote wawili walikuwa wazima.

Wakati wa kurudi walimpitia Lusenge, wakamlaza kwenye kipoyi kilekile. Alipandishwa hadi Vuhimba na jozi ya pili. Vagheni alitangulia tena.

Jean-de-Dieu hakuitisha mkutano. Alisema tu, mbele ya watu wachache, kwamba kuanzia sasa alama ukutani zitachorwa watu wakiwa wamevua mashati. Kanuni hiyo ilienea kilima kizima kabla ya jua kuzama, na kila aliyeisikia alijua ilitungiwa nani.

Fadhili alirudi Ijumaa. Jumamosi asubuhi alikuja hadi uani kwa Vagheni, akasimama penye uzio mpaka alipokaribishwa. Vagheni alikuwa amejiandaa kwa matusi. Alikuwa hata ameandaa majibu.

“Yaya Vagheni,” Fadhili alisema, kama mtu anayemwita kaka yake mkubwa, “nilikuwa nataka uende unionyeshe ile mutaro.”

“Ya kufanya nini? Nimeshaifukia.”

“Njo nataka kuona unafukiaka namna gani. Miye sijuake ile njia.”

“Umepita pale mwaka muzima.”

“Nimepita, lakini siangaliake chini.” Fadhili alisema kama mtu anayeeleza kitu kinachojulikana na wote. “Naangaliaka mugongo yako. Ukiinama, najua pale iko kitu, nagongea Lusenge mara mbili, tunapunguza. Ukisimama, tunasimama. Ukitembea sawa, tunatembea sawa. Ile siku ya bibi kizee, ile mwenye alilala, sikuangalia njia hata mara moja.”

Vagheni alitafuta dharau katika maneno hayo. Aliyageuza kama mtu anavyogeuza kiazi akitafuta palipooza. Haikuwepo, na kukosekana kwake kulimkasirisha. Ingekuwa rahisi zaidi kuwa na adui kuliko kuwa na mtu huyu aliyesimama penye uzio na viatu safi, akimwambia kwamba mgongo wake ulikuwa sehemu ya kazi.

“Mbili ni kupunguza,” alisema mwishowe.

“Mbili ni kupunguza. Mavivi, ndege ikiwasha moteur, mutu hasikie kitu. Tulikuwa tunagonga tu kwenye masanduku.”

Waliteremka pamoja hadi kwenye mtaro. Vagheni alionyesha jinsi mawe makubwa yanavyokaa chini na changarawe juu, na udongo mwisho, na kwamba udongo ukiwekwa kwanza mvua inauchukua. Hakusema zaidi ya hayo. Fadhili alisema “Wasingya”, yaani asante, kwa Kinande cha mgeni, na Vagheni alimsahihisha sauti.

Vagheni alikwenda kumtembelea Lusenge mara ya kwanza baada ya wiki mbili. Si kwamba hakutaka mapema. Kila siku alifika hadi kwenye mfereji. Lusenge alikuwa amekaa nje, mguu juu ya kigoda, goti limefungwa kwa kitambaa. Alimsogezea kiti kwa fimbo.

“Umeleta bega?”

“Berthe aliichoma.”

“Pole. Ilikuwa muzuri kukupita.”

Walikaa. Walizungumza viazi, ugonjwa wa kabichi, kichanga cha Kahindo kilichopewa jina la daktari. Vagheni alingoja mpaka hakuna kilichobaki.

“Mbili ni kupunguza,” alisema. “Tatu?”

“Tatu ni kubadilisha bega.”

“Ine?”

“Hakuna ine.”

“Na moja?”

Lusenge alikuna goti juu ya kitambaa. Alionekana kama mtu anayeulizwa jambo la chumbani.

“Moja haiko kitu. Moja ni kusema niko. Huko nyuma hauonake mutu, unaona tu kitambaa. Basi anagonga moja, nami najibu moja. Njo hivyo tu.”

Vagheni aliitikia kwa kichwa. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amepaza sauti ya jiwe, na shimo, na kushoto, na kulia, na aliamini hakuna kilichobaki cha kusemwa kati ya watu wawili chini ya mti mmoja. Hakuwahi kufikiri kwamba aliyekuwa nyuma, gizani mwa kitambaa, alitaka kuambiwa hilo pia. Halikumtuliza. Kati ya yote aliyoyaona mwaka huo, kicheko, miche ya kabichi, chai ya tangawizi, hili ndilo lililomwuma kuliko yote, na lilimwuma zaidi kwa sababu lilikuwa jema na halikuwa lake.

“Kwa nini hukuniambiaka?” aliuliza.

“Ulikuwa unapiga kelele sana, ndugu. Ningekuambia saa ngapi?”

Alipokuwa akiondoka, Vagheni alisimama penye nguzo ya baraza. Aliigonga mara moja kwa kidole, bila kugeuka. Nyuma yake fimbo ya Lusenge iligonga mguu wa kiti, mara moja.

Jumapili tarehe 5 Januari 2025, misa ikiisha, wabebaji wa Vuhimba watasimama ukutani, bila viatu na bila mashati, na Vagheni atachorwa kama wengine. Mganga amemruhusu Lusenge kubeba kuanzia Jumatatu. Atarudi nyuma, Fadhili mbele. Vagheni atakuwa hatua thelathini mbele yao na jembe, na ameshamwomba Jean-de-Dieu zipunguzwe ziwe ishirini.